Uwongo wa Watu Wakweli

Katika kila darasa hutokea siku moja mtoto mmoja akauliza swali hili: "Mwalimu, ikiwa mtu mwenye panga anamtafuta ndugu yangu ili amwue, naye ndugu yangu amejificha chumbani, kisha mtu yule akaniuliza mimi, nimjibu nini?" Sisi walimu kwa desturi humjibu upesi, kisha tukageukia ubao na kuendelea na hesabu. Wengine wetu husema kwamba uwongo ni dhambi siku zote. Wengine husema kwamba neno la kuokoa roho ya mtu haliitwi uwongo. Majibu hayo yote mawili ni mepesi kinywani, maana hapana mwenye panga mlangoni petu. Twapenda leo kulichukua swali hili hata mahali ambapo mwenye panga alisimama mlangoni kweli, wala si siku moja bali miaka, na watu waliokuwa ndani ya nyumba walikuwa wasomaji wa Biblia waliofundishwa tangu utoto kwamba ndiyo yao iwe ndiyo na siyo yao iwe siyo.

Mahali penyewe ni mji mdogo wa Ufaransa uitwao Le Chambon-sur-Lignon, katika jimbo la Haute-Loire. Upo juu ya uwanda wa milima, kadiri ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, kando ya mto Lignon. Na upande wa kusini wauona mlima Mézenc, wenye mita 1,753. Nchi ile ni ya misitu ya misonobari, malisho ya ng'ombe, na nyumba za mawe zilizotawanyika mbalimbali. Wakati wa baridi huvuma upepo uitwao burle, unaoipeperusha theluji hata njia zikapotea kabisa. Wakati wa jua kali, watu wa miji ya mabondeni walikuwa wakipanda huko kwa gari la moshi dogo kupunga hewa nzuri, na kwa hiyo mjini mlikuwa na nyumba nyingi za kupangisha wageni. Neno hili la nyumba za wageni laonekana dogo, lakini msomaji alishike, kwa kuwa watu wema wasio na vyumba hawawezi kumficha mtu yeyote.

Watu wengi wa uwanda ule ni Waprotestanti, jambo lisilo la kawaida katika Ufaransa, nchi ambayo tangu kale imekuwa ya Kikatoliki. Mwaka wa 1598 mfalme Henri wa Nne aliwapa ruhusa ya kuabudu kwa masharti. Mwaka wa 1685 mfalme Louis wa Kumi na Nne akaiondoa ruhusa hiyo. Makanisa yao yakabomolewa, wachungaji wao wakafukuzwa au wakanyongwa, wanaume wakatiwa minyororo kuvuta makasia katika majahazi ya mfalme. Karibu miaka mia moja walisali msituni na mapangoni, nao wenyewe wakauita wakati ule Jangwa. Katika nchi jirani ya Vivarais alizaliwa Marie Durand, aliyefungwa mwaka wa 1730 katika mnara wa Aigues-Mortes, karibu na bahari, kwa ajili ya imani ya ndugu yake na jamaa yake. Alikaa humo miaka 38. Kila siku angaliweza kutoka kwa kusema neno moja tu, kwamba ameiacha imani yake. Hakulisema. Katika jiwe la sakafu ya mnara ule limechongwa neno la kuwaambia wafungwa washindane wasikubali, na watu husema kwamba mkono wake ndio uliolichonga.

Twaitaja habari hii kwa sababu imo pande mbili. Wazee wa watu wa Le Chambon walikuwa watu wa namna ya Marie Durand, wasioweza kusema uwongo hata kwa kuokoa maisha yao wenyewe. Lakini wazee hao hao walikuwa watu wa kumpokea mchungaji usiku, kumlaza juu ya dari penye majani makavu ya ng'ombe, na asubuhi kumwambia askari wa mfalme kwamba hawakumwona mtu. Mjukuu alirithi yote mawili, ukweli wa bibi yule na mlango wa nyuma.

Mwaka wa 1934 akaja mjini mchungaji André Trocmé pamoja na mkewe Magda, mzaliwa wa Italia. Trocmé alikuwa mtu asiyekubali vita kwa sababu yoyote. Mwaka wa 1938 yeye na mchungaji mwenzake Édouard Theis wakaanzisha shule ya sekondari. Kisha Ufaransa ikashindwa na Ujerumani mwezi wa Juni 1940, serikali ya Jemadari mzee Pétain ikaomba amani, na baadaye ikakaa Vichy. Siku ya pili yake baada ya kutiwa sahihi mapatano, yaani Jumapili ya tarehe 23 Juni, wachungaji hao wawili waliwaambia watu wao kanisani kwamba Mkristo hana budi kuupinga kwa silaha za roho ujeuri utakaoletwa juu ya dhamiri yake, na kwamba watakapoamriwa jambo lililo kinyume cha Injili watakataa, pasipo hofu wala pasipo chuki. Mwezi wa Oktoba sheria za kwanza za kuwatenga Wayahudi zikatoka.

Katika baridi ile ya kwanza mwanamke mmoja alibisha hodi mlangoni kwa Magda. Alikuwa Myahudi aliyekimbia kutoka Ujerumani, theluji imemjaa, viatu vyake si vya baridi. Magda akamwambia aingie. Basi, msomaji, angalia alilofanya baadaye, maana watu wengi huliruka. Magda alikwenda moja kwa moja kwa mkuu wa mji, akamwambia kweli tupu, ya kwamba nyumbani kwake yupo mgeni Myahudi, naye aomba cheti ili akae kwa amani na apate kadi ya chakula. Mkuu wa mji akakasirika. Akamwambia kwamba kuwakaribisha wageni wa namna hiyo ni kuwahatirisha wenyeji, basi amwondoe mjini. Mgeni yule hakuwa na budi kwenda zake. Twasema, basi, kwamba katika Le Chambon kweli ndiyo iliyotangulia kujaribiwa, nayo ilimtoa mgeni nje katika theluji. Tangu siku ile Magda hakwenda tena kumwuliza mtu wa serikali.

Wakimbizi wakazidi kuja, Wayahudi na Wahispania na wengine. Wazungu wa Uswisi, na Wakwekeri wa Marekani, na chama cha Kifaransa kiitwacho Cimade, walifungua nyumba za watoto. Wakulima wa vijiji vya kando, Waprotestanti kwa Wakatoliki, wakawapokea wengine mashambani. Waswahili husema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huko wageni walipewa jembe kweli, maana walikaa miaka, nao walivuna na kukama pamoja na wenyeji. Mtu mmoja aliyekaa karibu nao, kwa ajili ya maradhi ya mapafu, alikuwa Albert Camus, mwandishi mzaliwa wa Aljeria, aliyekuwa akiandika huko kitabu chake cha habari za tauni.

Mwezi wa Julai 1942 polisi wa Kifaransa walikamata Wayahudi karibu 13,000 katika Paris na kandokando yake, na zaidi ya 4,000 kati yao walikuwa watoto. Baadaye, tarehe 10 Agosti, katibu mkuu wa mambo ya vijana alikuja Le Chambon kutembelea. Vijana wa shule wakamkabidhi barua. Ndani yake walisema kwamba wamesikia mambo ya Paris. Kwamba miongoni mwao wapo Wayahudi. Kwamba wao hawajui tofauti ya Myahudi na asiye Myahudi. Na kwamba wenzao wakiitwa kupelekwa mbali, watawaambia wasiende na watawaficha. Twaikubali barua hii kwa heshima kubwa. Vijana walimwambia mwenye panga, waziwazi: ndiyo, yumo ndani, lakini hatukupi. Majuma machache hayakupita, polisi wakapanda na mabasi, wakamtaka mchungaji awape orodha ya majina. Trocmé hakusema kwamba hapana Wayahudi. Alikataa kutoa majina, akajibu kwamba yeye huwajua watu tu. Usiku ule wakimbizi walitawanyika misituni na mashambani, na polisi wakakaa siku nyingi wakitafuta na mabasi yao karibu matupu.

Hapo twamkumbuka mtu mwingine aliyejibu namna ile ile. Augustino, askofu wa Hippo katika Afrika ya Kaskazini, nchi ambayo sasa ni Aljeria, aliandika kitabu juu ya uwongo karibu na mwaka wa 395. Yeye alishikilia kwamba uwongo wote ni dhambi, hata ule wa kuokoa maisha, na akaleta mfano wa Firmus, askofu wa mji wa Thagaste, ambako Augustino mwenyewe alizaliwa. Firmus alimficha mtu aliyekuwa akitafutwa. Watumishi wa kaisari walipokuja kumwuliza, akajibu kwamba hawezi kusema uwongo wala hawezi kumtoa mtu. Wakamtesa, akabaki na jibu lake. Mwisho kaisari mwenyewe alistaajabia uthabiti wake, akamsamehe yule aliyefichwa.

Habari nzuri. Lakini tuitazame vizuri. Firmus aliulizwa mtu mmoja aliyefichwa mahali pasipojulikana, na maumivu yaliangukia mwili wake mwenyewe. Je, ingalikuwaje kama wangaliweza kwenda kuvunja mlango wake wakamwona? Na ingalikuwaje kama aliyefichwa ni mtoto wa miaka minane, anayesafiri katika gari la moshi, anayekaguliwa na askari asiyeuliza maswali ya dhamiri bali asema tu, "Cheti chako"? Mtoto hawezi kujibu kama Firmus. Akikaa kimya amekwisha kujitoa. Akisema jina lake la kweli amekwisha kujitoa. Wala si habari ya safari tu. Chakula chote cha Ufaransa kilikuwa kwa kadi, na kadi ilitolewa kwa jina. Basi asiye na jina la kufaa hakupata mkate. Uwongo haukuwa neno la mara moja mlangoni. Uliingia katika sahani ya chakula kila siku.

Ndipo vikaja vyeti vya uwongo. Vipande, wazee wetu wa Kenya wangaliviita, nao wajua uchungu wa karatasi inayoweza kumzuilia mtu njia yake. Mmoja wa mafundi wa kazi hii alikuwa kijana Myahudi, Oscar Rosowsky, mzaliwa wa Berlin, aliyefika uwandani akiwa hajatimiza bado miaka ishirini. Alikuwa ametamani kuwa tabibu, lakini sheria ilimkataza. Akajifunza kutengeneza mashine za kupiga chapa. Alikaa kwa mkulima mmoja, na vifaa vyake pamoja na vyeti alivificha ndani ya mizinga ya nyuki. Askari wa nchi yoyote hupenda asali, lakini si wengi wanaopenda kuifuata ilipo. Inahesabiwa kwamba kijana huyo na wenzake walitengeneza karatasi za uwongo kadiri ya 5,000, muhuri, sahihi, tarehe ya kuzaliwa, vyote vya kubuniwa.

Twajua kwamba hapa msomaji mmoja atasema: Rahabu! Naye ana haki. Katika kitabu cha Yoshua mwanamke yule aliwaficha wapelelezi chini ya mabua ya kitani darini kwake, akawaambia watu wa mfalme kwamba wamekwisha kwenda. Na Waraka kwa Waebrania wamhesabu miongoni mwa watu wa imani. Na kabla yake wakunga wa Misri, Shifra na Pua, walimwambia Farao neno lisilokuwa la kweli kuhusu wanawake wa Kiebrania na kuzaa kwao upesi, na Mungu akawatendea mema. Augustino aliwajua hao wote. Alijibu kwamba walisifiwa kwa rehema yao, si kwa uwongo wao. Jibu hili hutupendeza kwa nusu. Hutupendeza kwa kuwa halisemi kwamba uwongo umegeuka kuwa kweli kwa sababu ulifaa. Halitupendezi kwa kuwa latenganisha vitu viwili ambavyo mikononi mwa Rahabu vilikuwa kitu kimoja. Rehema yake ilikuwa ni yapi, ila kuyaweka yale mabua na kusema yale maneno? Toa maneno, na mabua hayafichi kitu.

Mwaka wa 1797 mwanafalsafa wa Kijerumani Immanuel Kant aliulizwa swali la yule mtoto wa darasani, maana mwandishi Benjamin Constant alikuwa amemlaumu. Constant alisema kwamba kuambiwa kweli ni haki, na mwuaji hana haki hiyo. Kant alijibu kwamba hata mwuaji akiuliza, usimdanganye. Huenda ukamwambia kwamba rafiki yako hayumo, kumbe rafiki amekwisha kutoka, wakakutana njiani, na damu ikawa juu yako. Lakini ukisema kweli, labda majirani watakuja wakamshika mwuaji.

Maneno ya Constant twayaogopa kidogo. Ikiwa kila mtu atapima mwenyewe nani anastahili kweli na nani hastahili, jioni haitafika kabla hajaona kwamba mkewe hastahili, na karani wa kodi hastahili, na mnunuzi wa kahawa yake hastahili. Tumewaona watu wa namna hiyo. Wana sababu nzuri siku zote. Lakini kwa Kant twauliza neno moja: majirani gani? Yeye alimfikiri mwuaji anayekuja kinyume cha sheria, na kijiji kinachoweza kuitwa kwa kelele. Katika Ufaransa ya mwaka wa 1942 mwuaji alikuja na sheria mkononi, yenye muhuri wa kweli. Polisi ambaye ungalimwita akusaidie ndiye aliyekuwa akibisha. Hapo muhuri wa kweli ulisema uwongo, kwamba mtoto yule hana haki ya kuishi katika nchi, na muhuri wa uwongo ulisema neno la kweli, kwamba anayo. Hatusemi haya kwa kucheza na maneno. Twasema tu kwamba Kant hakuliwaza jambo hili, nasi hatuwezi kulifumbia macho.

Majirani walikuja kweli katika Le Chambon, lakini kwa njia nyingine. Walinyamaza. Watu waliokuwako walisimulia baadaye kwamba jirani hakumwuliza jirani yule mtoto mpya ni wa nani, wala mwalimu hakuuliza mbona mwanafunzi aitwaye kwa jina la Kifaransa asema kwa ulimi wa Kijerumani. Kunyamaza huku si uwongo, wala si kweli. Ni kuuacha mlango umefungwa pasipo kusema nyumba ni tupu. Twadhani sehemu kubwa ya wokovu wa watu wale ilikuwa humo. Wajerumani waliwaleta askari wao waliojeruhiwa wapumzike katika hoteli ya mji ule ule, hatua chache tu kutoka nyumba za watoto, na mji mzima ukanyamaza mbele yao.

Tena ziko saa ambazo kweli peke yake ndiyo iliyofaa, nasi twaziandika ili mtu asidhani kwamba twautetea uwongo. Mwezi wa Februari 1943 Trocmé, Theis, na mkuu wa shule Roger Darcissac walikamatwa. Polisi walipomfuata Trocmé nyumbani, Magda aliwaambia waketi wale chakula, kwa kuwa ulikuwa wakati wa chakula. Kambini, baada ya kadiri ya mwezi mmoja, waliambiwa kwamba watafunguliwa kama watatia sahihi karatasi ya kuahidi kutii amri za Jemadari Pétain. Hebu fikiri: watu ambao kijiji chao kilikuwa kikipika vyeti vya uwongo, wangalishindwaje kutia sahihi moja wasiyokusudia kuitimiza? Lakini wachungaji wawili walikataa. Wakasema hawawezi kuahidi wasilotaka kulifanya. Wakarudishwa kambini, kesho yake, pasipo maelezo, wakafunguliwa vivyo hivyo.

Na tarehe 29 Juni 1943 polisi wa siri wa Kijerumani walivamia nyumba ya wanafunzi iitwayo Maison des Roches. Msimamizi wake, Daniel Trocmé, wa jamaa ya mchungaji, hakulala humo usiku ule. Alipata habari, na msitu ulikuwa karibu. Akaja kusimama na wanafunzi wake, akakamatwa pamoja nao. Magda alikimbilia huko. Akakuta kijana mmoja Mhispania ambaye siku zilizopita alimwokoa askari wa Kijerumani aliyekuwa akizama katika mto Lignon. Magda akaenda mbio hotelini, akawapata askari wa Kijerumani wakaja kushuhudia jambo hilo. Kijana yule akaachwa kwa neno la kweli lililotoka kinywani mwa adui. Wengine walipakiwa na kuchukuliwa. Daniel Trocmé alikufa katika kambi ya Majdanek, katika Poland, mwezi wa Aprili 1944. Daktari wa mji, Roger Le Forestier, ambaye kwanza alifanya kazi pamoja na Albert Schweitzer katika hospitali ya Lambaréné, huko Gabon, alipigwa risasi na Wajerumani karibu na Lyon tarehe 20 Agosti 1944.

Hapa twaona kitu cha kuutenga uwongo wa Le Chambon na uwongo wetu wa kila siku. Njia ya mwongo ni fupi, wasema Waswahili, nao hufikiri yule anayedanganya ili apate: apate fedha, au apate kuepa aibu, au apate kusifiwa. Mwongo wa namna hiyo hula faida, na gharama humwachia mwingine. Watu wa uwanda ule waligeuza. Faida ilikwenda kwa mtoto wasiyemjua, ambaye labda hawatamwona tena. Gharama iliwangojea wao. Na kwa jambo lililowahusu wao wenyewe, kama ile sahihi ya kambini, walirudia ukali wa Marie Durand. Kwa nafsi zao hawakusema uwongo. Kwa nafsi ya mwingine walisema. Wengi wetu hufanya kinyume. Kwa jirani tu wakweli mno, hata kumwumiza. Kwa nafsi zetu twapata udhuru.

Hata hivyo hatutaki kuuosha uwongo ule ukawa mweupe. Mtoto aliyefundishwa kulikana jina la baba yake apoteza kitu, ijapokuwa apata maisha. Kijana anayeandika sahihi za kughushi usiku kucha, na mikono ikazoea, ameuchukua mzigo. Tungeogopa kama watu wale wangalicheka. Trocmé hakucheka. Kwake hili lilikuwa jeraha, naye hakulificha.

Tangu Julai 1943 yeye mwenyewe alilazimika kujificha, akapewa cheti chenye jina la Béguet. Katika muda huo, kama alivyosimulia baadaye, alikamatwa na Wajerumani katika steshini ya gari la moshi ya Lyon, mwanawe Jacques, kijana mdogo, akiwa pamoja naye. Akangoja kuulizwa. Cheti kilikuwa mfukoni. Na katika kungoja huko aliwaza: wataniuliza kama jina hili ni langu. Akaona kwamba kukichukua cheti lilikuwa jambo moja, na kutamka kwa kinywa chake kwamba yeye ni Béguet lilikuwa jambo jingine. Akaazimu kwamba akiulizwa, atajibu siyo, mimi ni André Trocmé.

Tumebishana sana juu ya saa hii, sisi kwa sisi. Mmoja wetu asema kwamba alikosa, na twaona ana nguvu ya neno: kwani ni nani aliyekitengeneza cheti kile? Ni nani aliyempa malazi? Kama Trocmé angaliyasafisha maneno yake mbele ya polisi wale, wangaliuliza neno la pili, na la tatu, na mwanawe yupo hapo kando. Ukweli wa baba ungaliweza kulipiwa na mtoto, na mkulima, na yule kijana wa mizinga ya nyuki. Mtu akiisha kuingia katika nyumba ya watu wengi kwa mlango wa nyuma, hawezi kutoka peke yake kwa mlango wa mbele. Mwingine wetu asema kwamba mtu asiyeumwa na uwongo katika saa kama ile hangeaminiwa hata siku moja kuwafichia watu watoto wao. Kwamba maumivu yale yale yaliyomfanya atake kusema kweli ndiyo yaliyomfanya amfungulie mgeni mlango. Hatujapatana.

Ni wangapi waliookoka? Wengine walisema 5,000. Waandishi wa historia wa siku za baadaye wameipunguza hesabu, lakini hapana anayekana kwamba ni mamia mengi kwa uchache, na Wayahudi wengi wao. Mwaka wa 1990 taifa la Israeli liliuheshimu mji mzima na vijiji vya kando, jambo lililo nadra, kwa kuwa kwa desturi huheshimiwa mtu mmoja mmoja. Tangu mwaka wa 2013 iko nyumba ya makumbusho mjini. Na mwishoni mwa 2020 alifariki mzee mmoja, mzaliwa wa Vienna, aliyefika Le Chambon utotoni wakati wa vita. Alipofunguliwa wasia wake, alikuwa ameuachia mji ule mali iliyokadiriwa kuwa euro milioni mbili.

Na Trocmé katika steshini? Hakuulizwa. Walipokuwa wakingoja, kundi la wasafiri likapita, askari wakageuka upande mwingine, na baba na mwana wakajichanganya na watu wale wakatoka nje mjini. Cheti cha Béguet kilikuwa bado mfukoni mwake, na jina lake mwenyewe bado halijatoka kinywani.